Mita 60 za Mto Themi na Hesabu Tusizozidai

Ukitembea kando ya Mto Themi, kuanzia kwenye madaraja ya katikati ya jiji la Arusha hadi kule unakoteremkia upande wa Njiro, kuna kitu utakutana nacho hata kama hukitafuti: alama ya X nyekundu ukutani, ishara ya kubomolewa. Mara iko kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, mara kwenye kibanda cha mama ntilie, mara kwenye uzio wa matofali uliomeza akiba ya miaka. Muulize mwenye nyumba kwa nini amewekewa alama, atakujibu kwa namba moja. Sitini. Mita sitini.

Namba hiyo imetoka kwenye sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nia yake naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mto usiolindwa hufa na watu wanaoishi mdomoni mwake hufa nao. Ila namba ni ile ile kwa Rufiji na kwa Themi. Ni ile ile mahali mto umezama kwenye korongo refu na mahali bonde limetanda kama uwanja. Je, maji yenyewe yanaijua? Nyumba iliyo mita 40 juu ya ukingo mkali inaweza isiloe kamwe, na nyumba iliyo mita 100 kwenye bonde tambarare ikaamka imejaa tope hadi dirishani. Mwenye nyumba ya kwanza amepigwa X. Mwenye ya pili analala usingizi mnono, kwa kuwa Serikali imempimia na kumwambia yuko salama.

Nasema hivi: Arusha haina upungufu wa watu wanaoweza kukokotoa maji yatafika wapi. Inao, na wako mwendo mfupi tu mashariki ya mjini. Kinachokosekana ni jiji linalowadai hesabu hiyo, linalowapa vipimo vya kuifanyia, na linalowataka waseme pamoja na jibu kwamba jibu lenyewe linaweza kukosea kwa kiasi gani. Bila hayo tutaendelea kuuongoza mto kwa namba moja iliyoandikiwa nchi nzima.

Watu hao wako Nambala, Tengeru, wilayani Arumeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Taasisi hiyo ilianza kufundisha mwaka 2011 na ikazinduliwa rasmi Novemba 2012 na Rais Jakaya Kikwete. Haina shahada ya kwanza. Ina uzamili na uzamivu tu. Kaulimbiu yake inasema taaluma ni kwa ajili ya jamii na viwanda. Na miongoni mwa fani zake imo hisabati tumizi pamoja na sayansi ya ukokotozi, fani ambayo wazazi wengi wakisikia kijana wao ameichagua huuliza swali moja la haki kabisa: itamlisha nani?

Mlima mkali, mto mwembamba

Kilele cha Meru kiko juu zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari. Jiji liko kwenye mita 1,400 hivi. Umbali kati ya viwili hivyo, kama ndege arukavyo, ni kilomita zipatazo 15. Maana yake tone lililoanguka juu kule linashuka zaidi ya mita 3,000 kabla halijapita chini ya madaraja yetu. Ndiyo sababu Mwarusha anaweza kuona jua linawaka sokoni huku mto umeshabadilika rangi na kuanza kunguruma. Aprili 2024 jiji hili lilizika watoto baada ya basi la shule kusombwa na maji ya mvua korongoni. Tangu siku ile sidhani kama kuna mzazi hapa anayeliona korongo kavu kama alivyoliona zamani.

Sasa, mwanafunzi wa uzamivu anafanyaje na maji kama hayo? Milinganyo ya maji yanayotiririka juu ya ardhi inajulikana tangu mwaka 1871, ilipotolewa na Mfaransa Barré de Saint-Venant. Shida ni kwamba kwa bonde halisi, lenye mawe, madaraja na kona, hakuna awezaye kuitatua kwa kalamu akapata jibu kamili. Kwa hiyo hufanya kile ambacho mpima ardhi hufanya akikutana na shamba lenye umbo bovu: hulikata vipande vidogo vinavyopimika, kisha hujumlisha. Bonde hugawanywa miraba, kwa kila mraba hukokotolewa kina na kasi ya maji, na muda nao husogezwa hatua kwa hatua, sekunde baada ya sekunde.

Hapo ndipo utaalamu unapoanza. Mwaka 1928 wanahisabati watatu wa Göttingen, Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy, walionyesha kwamba hatua ya muda haiwezi kuwa ndefu upendavyo. Ikiwa mraba wako una upana wa mita 10 na wimbi linakwenda mita 5 kwa sekunde, basi kwa njia za kawaida hatua isizidi sekunde 2, maana wimbi lisiruke mraba ambao hujauhesabu. Ukikaidi, kompyuta haitakuonya. Itakupa namba, na namba hizo zitapanda na kushuka kama wendawazimu hadi mto wako uwe na kina cha kilomita.

Unataka kuona mtaa vizuri zaidi, kwa miraba ya mita 5? Miraba inakuwa mara nne, hatua za muda mara mbili, kazi nzima mara nane. Ukikokotoa kwa miraba ya mita 2 na nusu, kazi iliyochukua saa moja sasa inachukua saa 64, na kwa saa 64 mafuriko yameshafika Kikuletwa na yanaelekea Nyumba ya Mungu. Ndiyo maana kuna watu wanatumia miaka mitatu ya maisha yao kutafuta algoriti bora, yaani mpangilio wa hatua za kukokotoa unaofikia jibu lile lile kwa jasho dogo. Ukitumia njia ya kale ya kuondoa visivyojulikana kimoja baada ya kingine, idadi ya visivyojulikana hivyo ikiongezeka mara 10 kazi huongezeka kama mara 1,000. Zipo njia ambazo kwa aina fulani za milinganyo kazi huongezeka takriban mara 10 tu. Kwa nchi tajiri, tofauti hiyo ni urahisi. Kwetu sisi ambao hatuna mashine za mabilioni, tofauti hiyo ndiyo bajeti yenyewe. Kichwa cha mwanafunzi mmoja wa Nambala kinaweza kuokoa gharama ya chumba kizima cha kompyuta.

Lakini algoriti hata iwe nzuri vipi haikokotoi kisichopimwa. Ramani ya miinuko ambayo wengi huanza nayo, kwa kuwa ni ya bure, ilichukuliwa kwa rada Februari 2000 na chombo cha anga cha Endeavour. Pointi zake ziko mita 30 kutoka moja hadi nyingine. Themi katika sehemu nyingi ni mwembamba kuliko nafasi hiyo. Kwa maneno mengine, katika ramani ile mto wetu haupo. Mtu anaweza kuandika tasnifu nzuri kuhusu mafuriko ya Themi akiwa na kompyuta ambayo haijawahi kuuona Themi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huniuma. Kila hesabu ya mto huhitaji namba ya ukwaruzo, inayosema kingo na sakafu ya mto zinayashika maji kwa kiasi gani. Kanuni yake imebeba jina la Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeitoa mwaka 1889. Wanafunzi huichukua namba hiyo kwenye majedwali yaliyotungwa kwa mito ya nchi nyingine. Jedwali gani la huko lina migomba, magimbi, bustani za mchicha na sukuma wiki hadi mdomoni mwa maji, halafu chini ya daraja shehena ya mifuko ya taka? Namba ya ukwaruzo ya Themi itapatikana kwa kijana kuvaa buti za mvua na kuingia mtoni na kifaa cha kupimia kasi, mwezi wa nne, wakati sisi wengine tumejifunika mablanketi. Hakuna njia ya mkato.

Kosa lenye heshima

Watu wengi hudhani hisabati ni elimu ya majibu sahihi. Fani hii ninayoizungumzia imejengwa juu ya kosa. Mwanafunzi wake hufundishwa kwamba jibu lake karibu kila mara lina kosa, na kazi yake ya kwanza ni kulijua kosa hilo lina ukubwa gani, limetoka wapi, na kama linakua au linapungua kadiri hesabu inavyosonga. Sijui elimu nyingine ambayo jamii yetu inaihitaji zaidi ya hiyo.

Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu akieleza namna ya kutabiri hali ya hewa kwa ukokotozi. Alikuwa ameifanya hesabu hiyo kwa mkono, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa dereva wa gari la wagonjwa huko Ufaransa. Alichukua siku moja iliyokwishapita, tarehe 20 Mei 1910, akakokotoa mgandamizo wa hewa sehemu moja ya Ujerumani ungebadilikaje kwa saa sita. Hesabu ikampa milibari 145. Siku yenyewe mgandamizo haukubadilika kitu. Lilikuwa kosa kubwa kupita kiasi, na mwenyewe alilijua. Alilichapa. Alieleza kila hatua ili mwingine apate kuona. Waliokuja baadaye wakapitia karatasi zake wakagundua kwamba wazo lilikuwa zima na kasoro ilikuwa kwenye vipimo vya mwanzo ambavyo havikuwiana. Leo utabiri unaosomwa redioni kila jioni, hata ule wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania anaousubiri mkulima wa Mbuguni kabla hajapanda, umesimama juu ya njia aliyoianza yeye. Kama angeficha kosa lake, ni nani angejua pa kuanzia?

Tazama sasa kosa lisilosemwa. Tarehe 25 Februari 1991 kombora lilianguka kwenye kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Mtambo wa kulidungua ulikuwapo na ulikuwa umewashwa. Saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi, kwa namba za kompyuta zenye sifuri na moja pekee, haina mwisho. Lazima ikatwe mahali. Kipande kilichokatwa kilikuwa kidogo mno. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya saa 100 za kuwaka mfululizo, saa ya mtambo ilikuwa imepotoka kwa theluthi moja ya sekunde, na kwa theluthi hiyo kombora lilikuwa limeshasafiri zaidi ya nusu kilomita kutoka mahali mtambo ulipolitafuta.

Nasi tuna historia yetu, isiyosimuliwa sana. Tanzania ilipata kompyuta mapema. Wizara ya Fedha ilikuwa nayo tangu katikati ya miaka ya 1960. Baadaye mfumo wa kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine ulivurugika vibaya, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali maalumu. Katazo hilo, kwa namna moja au nyingine, liliburuzwa hadi kuingia miaka ya 1990. Siwalaumu waliolitoa, fedha za umma zilikuwa zimechanganyikiwa na walitaka kuziokoa. Walichokosa ni watu wengi wa kutosha, waliosomea hapa hapa, wa kuikagua mashine na kusema: imekosea hapa, kwa kiasi hiki, kwa sababu hii. Usipokuwa na mtu wa kulipima kosa unabaki na njia mbili: kuiamini mashine bila kuihoji au kuizima. Tumezipita zote mbili, na katika kuizima tukapoteza karibu miaka ishirini ya kufundisha vijana.

Ndiyo maana hunisumbua ninaposikia ahadi kwamba daraja jipya litahimili mafuriko, au kwamba mtaa fulani hauko hatarini. Ni mafuriko ya ukubwa gani? Ya kutokea mara moja kwa miaka 10 au kwa miaka 100? Na hesabu hiyo inaweza kupotoka kwa nusu mita au kwa mita mbili? Kwa mama aliyejenga kizingiti cha mlango cha sentimita 40 kuzuia maji, tofauti ya nusu mita ni magodoro, unga, madaftari ya watoto na friji ya mkopo. Namba asiyotajiwa kosa lake haimsaidii kuamua kama ahame au abaki.

Bomba nalo lina hesabu yake

Themi si mafuriko tu. Maji ya pande hizi za Meru yana floraidi nyingi, kwa sababu ya miamba ya volkano yanakopita. Kila aliyekulia hapa anajua meno ya kahawia, na walio karibu na Maji ya Chai wanajua pia watoto waliopinda miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 8 vijijini, kwa kuwa maji mengine hayakuwapo.

Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wa shilingi bilioni 520, uliotekelezwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha (AUWSA) kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikwenda hadi wilayani Hai kutafuta maji yenye floraidi ndogo, ukalenga uzalishaji wa lita milioni 200 kwa siku. Ni kazi ya kujivunia. Lakini maji yakishachanganywa, anayeishi mwisho wa bomba anakunywa nini?

Kwa karatasi ni hesabu ya darasa la saba. Chukua kisima chenye miligramu 6 kwa lita na chanzo kingine chenye nusu miligramu. Kila lita moja ya kisima utaichanganya na lita nne na nusu za chanzo safi ili ufike 1.5. Kwenye mtandao halisi wa mabomba, mambo hayatulii hivyo. Umeme ukikatika pampu moja inasimama, maji yanageuza mwelekeo, tangi la juu linashuka, na mtaa uliokuwa ukipata mchanganyiko asubuhi unapata maji ya kisima kitupu jioni. Wastani wa mwezi utakuwa mzuri. Mtoto hanywi wastani. Anakunywa kikombe cha jioni ile, na jino lake linajengwa humo.

Hesabu ya mtandao wa namna hiyo ina njia yake tangu mwaka 1936, alipoitoa Hardy Cross wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Unaanza kwa kukisia maji yanapita wapi, unazunguka kila kitanzi cha mabomba ukisahihisha, kisha unarudia, na kila duru kosa linapungua. Kompyuta za leo hutumia njia za kasi zaidi, lakini maswali mawili yamebaki yale yale: je, unakaribia jibu au unazunguka bure, na ni wakati gani umekaribia vya kutosha uache? Hayo ni maswali ya uzamili. Yanahitaji kijana mwenye hisabati, na orodha ya kweli ya mabomba, vipenyo, umri wake, mahali yanapovuja, na saa ambazo pampu zilizimwa.

Na hatuwezi kusema hatuna wa kuwafundisha. Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba na mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata uzamivu wa hisabati, aliufanya utafiti wake Berlin kuhusu mtiririko ndani ya bomba la mviringo. Aliukokotoa kinamba, kwa kimiminika cha aina ambayo haitiririki kwa tabia ya maji. Akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Rwanda, kisha mwaka 2018 akarejea nyumbani, na aliporejea alikuja Nambala kuwa profesa wa hisabati tumizi na ya ukokotozi. Mwanamke aliyeanza na bomba la mviringo akaja kufundisha chini ya mlima ambao watu wake wana shida na kilichomo bombani! Sijui jiji jingine lingehitaji ishara gani zaidi.

Daftari la mto

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mto nao ni mali, na daftari lake ni vipimo: mvua ya kila saa mlimani, kina cha maji kwenye kila daraja, floraidi kwenye bomba la mwisho. Vipimo vya aina hii hukusanywa na ofisi za umma, kila moja kwa shughuli zake, kwa fedha za umma. Lakini mwanafunzi anayevitaka huzunguka na barua yenye muhuri kutoka mlango hadi mlango, huku muda wa ufadhili wake ukiyeyuka. Akichoka anafanya linalowezekana: anachukua takwimu za mto wa nchi nyingine zilizo wazi, au anatunga bonde la kubuni, anathibitisha algoriti yake humo, anahitimu. Tasnifu yake ni halali na pengine ni bora. Haimsaidii mtu yeyote Arusha. Tunamlaumu msomi kwa kutoshughulika na jamii, wakati mlango wa jamii tumeufunga sisi.

Mbona wenzetu wameweza? Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam wakaingia kwenye kata zinazofurika, pamoja na wenyeji, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba hadi kila mtu akaweza kuona ramani hiyo bure. Mwaka uliofuata Zanzibar ikaanza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa ndani ya kazi hiyo. Waliofanya hivyo hawakuwa na fedha za ajabu. Walikuwa na uamuzi kwamba ramani ya mahali ni ya watu wa mahali.

Naujua ubishi utakaokuja. Itasemwa kwamba programu za kukokotoa mafuriko zipo, tena za bure, kutoka Marekani. Kwa nini tusizitumie tu? Tuzitumie. Ila programu haijui kama miraba uliyoichagua inafaa, kama hatua ya muda ni ndefu mno, au kama namba ya ukwaruzo uliyoiweka ni ya mto mwingine. Itachora ramani ya rangi ya buluu inayopendeza, na ramani ikipendeza watu huacha kuiuliza. Yule anayeweza kusema ramani hii ni uongo ndiye tunayemsomesha Nambala.

Ubishi wa pili una uzito zaidi, na siupuuzi. Shule zetu zina watoto wanaofeli hisabati kwa wingi kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Je, tuhangaike na uzamivu wakati msingi umebomoka? Nadhani mambo haya hayagombanii kikombe kimoja. Mtoto wa sekondari hapa Themi huambiwa hisabati ni ya kufaulia mtihani. Hajawahi kumwona jirani ambaye kwa hisabati alimwambia bibi yake ahamishe jiko upande wa juu wa kiwanja. Akimwona, mwalimu wake wa hesabu atakuwa amepata msaada ambao hakuna kitabu kinachoweza kuutoa.

Kisha kuna ajira. Sijawahi kuona tangazo la kazi la halmashauri yoyote likitafuta mwanahisabati wa kukokotoa maji. Wahitimu hawa wanaishia kufundisha kozi zile zile walizofundishwa, au kwenye taasisi za fedha, au ng'ambo. Mzazi aliyeuza ng'ombe wawili kulipia uzamili ana haki ya kuuliza kwa nini jiji lenye mito inayofurika haliajiri mtu wa kuihesabu hata mmoja, na hali tathmini za mafuriko zikihitajika hutafutwa mshauri, anakuja, anaandika, anaondoka na faili lake la kompyuta. Mvua ya mwaka unaofuata ikibadilisha mkondo, hakuna aliyebaki wa kuikokotoa upya.

Ninachotaka kifanyike ni kidogo na kinawezekana. Jiji, Bodi ya Maji Bonde la Pangani, AUWSA na taasisi ya Nambala wasaini makubaliano ya vipimo: kila kinachopimwa kwa fedha za umma katika Themi na vijito vinavyouingia kiwekwe mahali ambapo mwanafunzi, mwandishi au mwenyekiti wa mtaa anaweza kukisoma bila barua. Kila tasnifu inayokokotoa mafuriko au maji ya mahali fulani iwe na kurasa chache za Kiswahili, na mwandishi wake azisome kwenye mkutano wa mtaa husika, aseme maji yanaweza kufika wapi, kisha aseme hesabu yake inaweza kupotoka kwa mita ngapi. Wananchi wamhoji. Wanaoujua mto kwa miaka arobaini watamwambia mahali ambapo maji yalifika mwaka fulani na yeye hakuyaweka, naye atarudi Nambala na kipimo ambacho hakuna chombo cha anga kingempa. Na mipaka ya kingo, pale sheria inapotoa nafasi ya kuangalia mazingira ya eneo, iamuliwe hesabu hizo zikiwa mezani, ili anayebomolewa aelezwe sababu na aliye hatarini aambiwe mapema.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai. Masika huanza Machi. Katikati kuna miezi minane, inayotosha kabisa kufunga vipimo vya kina kwenye madaraja machache ya Themi, kuweka vya mvua juu mlimani, na kumtafutia kijana mmoja wa uzamili posho ya kuvisoma. Madiwani wanapokaa kupitisha makadirio, kifungu hicho kiwemo, na sisi wapiga kura wa kata za kando ya Themi tukiulizie kwa jina.